Sauti Chini ya Kreni

Kazi yangu ni kusema. Wengine hapa saiti wanabeba saruji, wengine wanafunga nondo. Mimi nasimama chini ya kreni na redio ya mkononi, nasema. Shuka, shuka, shuka, polepole, shuka, simama. Ukipita barabarani hapa mtaa wa Gerji ukaniona, utadhani nalipwa bure. Dhani utakavyo.

Juu kule, kwenye kibanda cha vioo, anakaa Woinshet, dereva wa kreni. Mwanamke mwembamba, sauti nzito, haogopi kitu isipokuwa panya. Upande wa mbele wa jengo anaona mpaka viatu vyako. Upande wa nyuma haoni hata paa la jirani, maana jengo lenyewe limemziba. Kitu kikishushwa nyuma, macho yake ni mimi, na mimi naye tumeunganishwa na kitufe kimoja tu.

Tuna sheria moja kati yetu. Nikisema, anashusha. Nikinyamaza, anasimama. Hangoji kuuliza kuna nini, anasimama hapo hapo na mzigo unaning'inia. Maana mtu wa chini akinyamaza, huenda ameteleza, huenda ameangukiwa na ubao, huenda waya umemnasa. Dereva asiyeona hawezi kubahatisha. Kwa hiyo sisi kimya chetu nacho ni amri. Ni sheria nzuri na sina ugomvi nayo.

Lakini msimu ule wa mvua ilinitesa.

Redio yangu ilianza kufa. Asubuhi naichukua kwa mlinzi ikiwa imechajiwa usiku kucha, taa ya kijani, kila kitu sawa. Ikifika saa nne, inalia ti-ti, ti-ti, halafu imezima. Mara ya kwanza ndoo ya zege ilikuwa hewani, nyuma, juu ya vichwa vya mafundi waliokwisha kushika makoleo. Nikawa nasema "shuka" kwenye kitu kilichokufa. Woinshet akasimama, kama inavyotakiwa. Ndoo ikaning'inia, zege likaanza kuganda, mafundi wakaniangalia.

"Shibeshi! Umekula ulimi?"

"Leo Jumatano, siku ya mfungo, hata maneno hali!"

Ikatokea tena kesho yake, na siku nyingine tena. Wakanipa jina. Bubu. Nikiingia getini asubuhi, kijana yeyote aliyekalia matofali atasema, "Bubu amefika, tulieni tumsikilize." Nilicheka mara mbili hivi, baadaye nikaacha kucheka.

Melkamu hakucheka tangu mwanzo. Yeye ndiye msimamizi wetu, mtu wa haki lakini hana subira, na anatembea kama anayefukuzwa na mbwa. Alinijia siku ile ndoo ilipokwama kwa muda mrefu mpaka ikabidi zege limwagwe.

"Wewe, umelala?"

"Redio imekufa."

"Mbona ya Woinshet haifi? Zimetoka kwenye boksi moja, siku moja."

"Iulize redio."

"Nakuuliza wewe. Redio haipokei mshahara."

Nikamwonyesha kioo cheusi cha redio. Hakukiangalia.

"Sikiliza, Shibeshi. Jumamosi jenereta inashuka shimoni kule nyuma. Umeona nafasi iliyopo kati ya ukuta wetu na mabati ya majirani. Mbuzi akipita anachubuka. Sauti yako ikikatika siku hiyo hata mara moja, Jumatatu utabeba saruji na mwingine atashika redio. Sina ubaya na wewe."

"Unajua goti langu."

"Najua. Na wewe unajua jenereta."

Goti langu la kulia lilivunjika nilipoanguka kwenye jukwaa la miti, saiti nyingine, miaka ile kreni zikiwa chache mjini. Likapona vibaya. Natembea, nasimama siku nzima, lakini kupanda ngazi za jengo na mfuko wa saruji begani siwezi. Nikiondolewa kwenye redio, nimeondolewa saiti. Melkamu alilijua hilo, na mimi nililijua. Ndiyo maana sikula vizuri siku ile, ingawa shiro ya Etagenyi, mchuzi wa unga wa dengu, ilikuwa nzito na mkate wake wa injera laini.

Etagenyi anauza chakula na kahawa kwenye kibanda cha turubai karibu na geti. Mama wa makamo, mkubwa wa umbo, mdomo wake haulali. Saa ya chakula, kazi yake ya kwanza ni kumlisha Woinshet, maana Woinshet hashuki. Ngazi za kreni ni ndefu na anasema hawezi kuzipanda mara mbili kwa siku kwa ajili ya dengu. Anateremsha kikapu kwa kamba, Etagenyi anaweka chakula kilichofungwa na chupa ya chai, kikapu kinapanda. Watoto wa mtaani hukaa nje ya uzio kukitazama kikapu hicho kama sinema.

Siku ile nilimpigia Woinshet kwa simu yangu, maana redio ilikuwa imekwisha kufa.

"Woini, dada yangu, unaichajije yako?"

"Naichaji kama watu. Kwa nini?"

"Yangu inaniua. Nimepewa mpaka Jumamosi."

Nilimsikia akitafuna.

"Uliikausha tena kwenye jiko la Etagenyi?" akauliza.

Hilo lilikuwa kweli. Juma lililopita mvua ya mawe ilinikuta wazi, redio ikalowa, nikaishikilia juu ya mkaa kidogo ikauke. Wote tunafanya hivyo na soksi.

"Mara moja tu."

"Kaka Shibeshi! Betri si soksi. Ikilowa unaizima, unaitoa, unaifuta kwa kitambaa kikavu, unaiacha wazi ijikaukie. Ukiipeleka motoni inaweza kukulipukia usoni. Na huo uso ndio uliobaki nao."

"Sawa. Lakini ilianza kufa kabla ya mvua ya mawe."

"Basi ngoja. Nina betri mbili huku, moja inafanya kazi, moja iko kwenye chaja. Nakuteremshia moja, kesho uitumie mchana kutwa. Ikifa na hiyo, redio yako ni mbovu. Isipokufa, ubaya uko kwenye betri yako. Na jioni inarudi kwangu, usiifanye urithi."

Kikapu kikashuka na betri imefungwa kwenye leso. Etagenyi akaipokea kwa mikono miwili kama kikombe cha kahawa.

Kesho yake nilisema kutwa. Nilisema saa nne, nikasema saa sita, nikasema saa kumi. Redio haikulia hata ti moja. Niliishika kama nilivyofundishwa, kiganja kimoja kutoka mdomoni, antena ikiwa juu na bila kuikamata. Nabonyeza kitufe, navuta pumzi, ndipo naanza, maana ukikurupuka neno la kwanza linapotea, na kama neno la kwanza ni "usi" na la pili ni "shushe", umeua mtu. Kero pekee ilikuwa walinzi wa magari wa mgahawa wa nyama ng'ambo ya barabara, ambao redio zao zilikuwa kwenye namba yetu ya mawimbi. Katikati ya "shuka, shuka" mtu mwingine anaingia: "Gari nyeupe, rudi nyuma, rudi, utamgonga kondoo." Woinshet akasema tuhamie namba nyingine, tukahama, tukaachana na kondoo.

Jioni nikarudisha betri kikapuni. Sasa nilijua redio haina kosa. Na betri yangu ilikuwa na umri sawa na zake. Kilichobaki ni usiku.

Usiku betri yangu ililala kwa Gashe Zewde, mlinzi. Gashe tunamwita kwa heshima, kwa ajili ya mvi zake. Mzee mpole, alikuwa mwanajeshi zamani, na anawasalimia watu wote wanaoingia getini hata wenye kuja kudai. Chaja iko kwake kwa sababu kibanda chake ndicho chenye soketi ambayo haizimwi saiti ikifungwa. Jioni namkabidhi, asubuhi ananikabidhi. Sikuwahi kufikiria kinachotokea katikati.

Alhamisi nilitoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, baridi kali ya Agosti, ukungu mpaka kwenye nyaya za umeme. Etagenyi alikuwa ndiyo kwanza anapuliza mkaa. Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mlinzi.

Gashe Zewde alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amejifunika gabi, lile shuka zito la pamba ambalo halimtoki mwilini tangu mvua zianze mpaka zikome. Lilianzia kichwani, likateremka mpaka chini, likafunika miguu na sakafu. Uso wake ulikuwa umetulia kama mtu aliyeshiba.

"Karibu, mwanangu. Umeamka mapema, mkeo amekufukuza?"

"Bado. Umeamkaje, Gashe?"

"Vizuri, Mungu ashukuriwe. Keti. Ingiza miguu hapa."

"Kuna nini humo?"

"Wewe ingiza tu, utanishukuru."

Nikavua viatu vyenye tope, nikaingiza miguu chini ya gabi. Joto. Joto zuri kabisa, linapanda kwenye nyayo mpaka gotini, kwenye goti langu bovu. Nakiri lilikuwa tamu. Halafu kidole changu kikagusa kitu kigumu chenye waya.

Nikafunua gabi. Chini, katikati ya miguu yake, ilikuwepo chaja yangu, na ndani yake redio yangu, imewashwa, kioo kinang'aa. Nikaishika. Ilikuwa ya moto kama yai lililotoka kwenye sufuria.

"Gashe! Hii ndiyo unayoota?"

"Hiyo ina baraka. Tangu mvua zianze sijaumwa miguu hata siku moja."

"Umeifunika usiku kucha?"

"Melkamu aliniambia, vitu hivi ni vya thamani, Zewde, lala navyo. Nimelala navyo."

"Na mbona umeiacha imewashwa?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye akili pungufu. "Sasa mwizi akija nikiwa nimeizima, nitamwita nani?"

"Ungemwita nani hata ikiwaka? Redio nyingine usiku iko juu ya kreni, imezimwa, na Woinshet yuko kwake amelala!"

Akafikiri. Akajikuna kidevu.

"Mwizi hajui hilo," akasema.

Etagenyi alisikia kutoka kwenye mkaa wake, akacheka mpaka kifuniko cha birika kikaanguka. Mimi sikuwa na cheko. Niliitoa betri kwenye redio nikaona mgongo wake umevimba, umetuna kama tumbo la mbuzi aliyekula unga. Nilipoiweka juu ya meza ilicheza huku na huku, haikai.

Wakati huo Woinshet akaingia getini, amejifunga leso, tayari kwa ngazi zake. Nikamwonyesha. Hakucheka wala hakuigusa kwanza.

"Ichomoe chaja ukutani," akasema. "Hiyo betri usiirudishe kwenye redio, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiichaji tena. Etagenyi, una ndoo ya mchanga mkavu?"

"Ninao wa kuoshea masufuria."

"Ilete. Tuiweke humo, nje, mbali na jiko lako, mpaka watu wa ofisini waje kuichukua."

Tukaifanyia mazishi ya heshima kwenye ndoo ya mchanga. Gashe Zewde alisimama akitazama, gabi limemlegea mabegani. Uso haukuwa umeshiba tena.

"Nimeiharibu mimi," akasema.

"Imepikwa," Woinshet akamjibu kwa upole. "Ikiwa kwenye chaja inatoa joto lake yenyewe, Gashe, inataka hewa. Ukiifunika, joto halina pa kwenda. Na ukiiacha imewashwa, huku inajazwa huku inaliwa, haipumziki. Kila usiku umeipika kidogo, mpaka imeiva."

Akapanda kreni yake. Tukabaki mimi na Gashe.

"Utamwambia Melkamu?" akaniuliza.

Nilitamani kusema hapana. Ningeweza kusema betri ni mbovu, basi. Lakini ningesema hivyo, angenipa nyingine, na ikiharibika nayo angeniuliza mimi. Na sipendi mambo ya kuzunguka.

"Nitamwambia, Gashe. Nisipomwambia, wa kubeba saruji ni mimi."

Akakaza gabi lake, akatupa ncha moja begani kama anayekwenda kanisani. "Basi nitamwambia mwenyewe. Nilikuwa mwanajeshi. Sisemewi."

Na kweli, Melkamu alipoingia getini na mwendo wake wa kufukuzwa na mbwa, mzee akamziba njia.

"Msimamizi, nimeharibu betri ya Shibeshi."

"Umeiangusha?"

"Nimeilalia."

"Umefanya nini?"

"Uliniambia nilale nazo. Nimelala nazo, chini ya gabi, kwenye miguu. Zilikuwa na joto zuri."

Melkamu akafungua mdomo. Akanitazama mimi, akaitazama ndoo ya mchanga, akamrudia mzee.

"Nilimaanisha uzilinde!"

"Hakuna aliyeziiba," Gashe akasema.

"Nilikuwepo," Etagenyi akaingilia, hakuna aliyemwita. "Alisema, 'Zewde, lala navyo.' Nilikuwa napepeta kahawa hapa hapa. Nikajiambia, masikini, baridi yote hii na bado anapewa mzigo wa kulala nao."

"Etagenyi, pika kahawa."

"Napika. Masikio hayapiki."

Melkamu aligeuka upande wa ukuta. Mabega yake yakatikisika. Nilidhani ana hasira, kumbe anacheka na hataki tumwone. Alipotugeukia alikuwa amekaza uso, lakini macho yalikuwa na maji.

"Nitaleta betri mpya kutoka ofisini. Gashe, chaja inabaki kwako. Lakini Shibeshi atakuonyesha, na safari hii usilale na kitu chochote." Halafu akanielekezea kidole. "Na wewe, sasa huna kisingizio. Jumamosi nikisikia kimya, ni kimya chako. Nilichosema hakijabadilika."

Betri mpya ikaja Ijumaa. Nilikaa na Gashe Zewde kibandani jioni. Tulitafuta kipande cha kigae cha sakafu, tukakiweka juu ya meza karibu na dirisha, mbali na nguo na mbali na magazeti yake. Chaja juu ya kigae. Nikamwonyesha kuizima redio kwanza, kufuta vile vyuma vidogo vya betri kwa kitambaa kikavu, kuiingiza mpaka ishike. Taa ikawa nyekundu.

"Ikiwa kijani imeshiba," nikamwambia. "Itoe, ichomoe chaja, iache kwenye kigae. Usiiache ikinyonya mpaka asubuhi."

"Kama mtoto," akasema.

"Kama mtoto. Na usiifunike."

"Mtoto unamfunika."

"Huyu usimfunike, Gashe."

"Nimesikia. Na miguu yangu je?"

Swali la haki. Etagenyi alikuwa anafunga kibanda chake. Akachukua chupa mbili za plastiki nene, akazijaza maji ya moto yaliyobaki kwenye birika, akazivisha soksi kuukuu na kumpa mzee bila kusema kitu, jambo ambalo si la kawaida yake. Mzee akaziweka chini ya gabi. Akafumba macho.

"Si kama betri," akasema, "lakini zinafaa."

Jumamosi asubuhi betri ilikuwa kwenye kigae, baridi kama jiwe la mtoni. Nikaivalisha redio, nikawasha, nikavuta pumzi.

"Woini, hapa Shibeshi. Unanisikia?"

"Nakusikia kama uko mfukoni mwangu. Umekunywa kahawa?"

"Duru ya kwanza tu kati ya tatu. Mbili nimezihifadhi."

Lori lilileta jenereta, kitu kikubwa cha kijani chenye uzito wa mafahali sijui wangapi. Tuliifunga, nikakagua kila mkanda kwa mkono, ikainuka kwa mbele huku Woinshet akiiona. Ikapita juu ya jengo. Ikaingia nyuma. Kuanzia hapo alikuwa kipofu na mimi nilikuwa macho.

"Shuka, shuka, shuka. Shuka, shuka."

Ilikuja taratibu, inazunguka kidogo. Vijana wawili walishika kamba za kuiongoza, mmoja kila upande, nami niliwaonyesha kwa mkono wa kushoto wavute au walegeze, huku mkono wa kulia umeshika redio. Melkamu alisimama pembeni ya shimo, mikono mgongoni. Jirani yetu mama mmoja alichungulia juu ya mabati yake na paka begani.

"Shuka, shuka. Simama. Kulia kidogo. Kidogo. Hapo. Shuka, shuka, polepole."

Kona ya jenereta ilipita mabati kwa upana wa kiganja. Yule mama akamshika paka. Ikapita.

Ndipo mvua ikaja. Mvua ya Agosti haibishi hodi. Hakukuwa na upepo, ila maji yalishuka kwa ndoo, mabati yote ya mtaa yakapiga ngoma mara moja. Jenereta ilikuwa nusu ndani ya shimo, nusu nje, si pa kuiachia. Nikaikumbatia redio kifuani, nikainama juu yake, lakini nikiinama sioni shimo, na nikiinuka redio inalowa. Mkono wangu mwingine ulikuwa na vijana wa kamba. Niliona tone linaingia kwenye matundu ya spika, nikasikia sauti yangu ikianza kukwaruza.

Ghafla mvua ikakoma juu yangu. Juu yangu tu. Nikaona weupe. Gashe Zewde alikuwa nyuma yangu, amevua gabi lake, amelitandaza juu ya kichwa changu kwa mikono yote miwili, amelinyoosha kama hema. Yeye mwenyewe alikuwa na koti lake la zamani la jeshi, maji yanamtiririka shingoni.

"Sema, mwanangu. Mimi ni paa."

"Shuka, shuka, shuka," nikasema. Niliifuta spika kwa ndani ya shati langu bila kukiachia kitufe. "Shuka, shuka."

Sasa nilikuwa nasema kwa kupiga kelele, ili nishinde mabati. Koo lilikauka. Shuka ya pili na ya tatu zikatoka kama msumeno, ya nne ikageuka kikohozi, kikohozi kirefu ndani ya redio. Waya wa kreni ukasimama. Melkamu akainua kichwa.

Nikaachia kitufe. Sauti nzito ikatoka pale pale, safi, inasikika mpaka kwa vijana wa kamba.

"Kaka Shibeshi, hicho kikohozi ni shuka au ni simama?"

"Kikohozi ni kikohozi," nikajibu. "Shuka!"

Vijana wa kamba walicheka na kamba mikononi. Nilimwangalia Melkamu. Alikuwa amesema "nikisikia kimya", na kikohozi si kimya. Akarudisha mikono mgongoni.

"Shuka, shuka, shuka, polepole, polepole. Shuka. Simama!"

Jenereta ikakaa kwenye vitako vyake vya zege bila kugonga kitu. Nilikwenda kuhakikisha miguu yote minne, gabi likinifuata juu ya kichwa kama mwavuli wa padri siku ya sherehe, kisha nikamwambia Woinshet alegeze waya. Mabati yaliendelea na ngoma yao. Yule jirani alinipungia mkono wa paka.

Melkamu akaja. Aliitazama redio mkononi mwangu, akaichukua, akabonyeza kitufe.

"Woinshet, ulimsikia muda wote?"

"Nilimsikia mpaka nikachoka. Mwambie anyamaze kidogo, sasa anaruhusiwa."

Akanirudishia. "Jumatatu uje mapema," akasema. "Kuna mabomba ya kushusha." Akaondoka na mwendo wake wa mbwa, lakini alipompita Gashe Zewde alimvuta ncha ya gabi iliyokuwa inadondosha maji, akaikamua mwenyewe kwa mikono miwili.

Tulimaliza duru mbili za kahawa zilizobaki chini ya turubai la Etagenyi. Sikuweza kusema hata "asante", koo lilikuwa limekwisha, nikawa natikisa kichwa tu. Vijana wakafurahi kweli. "Bubu amerudi!" Safari hii nilicheka nao. Cheko lenyewe lilitoka bila sauti, wakacheka zaidi. Gabi la mzee lilitundikwa kwenye kamba, mbali na mkaa, Etagenyi alihakikisha, na usiku ule mzee alilala na koti langu na chupa tatu badala ya mbili.

Jumatatu nilifika kibandani kulipokuwa kunapambazuka. Gashe Zewde alikuwa kwenye kiti, gabi limekauka na linanukia sabuni, miguu juu ya chupa. Mezani, kwenye kigae, betri ilikuwa peke yake, chaja imechomolewa, waya umeviringishwa vizuri kama mkanda wa askari. Nilinyoosha mkono.

"Usiiguse bado," akasema. "Nimeichaji alfajiri, kijani imewaka sasa hivi, nimeitoa. Inapoa."

Nikavua viatu, nikaingiza miguu chini ya gabi, tukangoja.